KARATASI YA MAABARA HAIJAWAHI KUSHIKA MKONO WAKO

Sehemu ya 1

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na naandika hivi hivi kwa sababu nikilala hasira itaisha na sitaki iishe. Mnaonifuata siku nyingi mnajua huwa naandika presha, kisukari, mambo ya uzazi. Leo ni viungo. Vidole, vifundo, magoti. Na hasa kipimo cha damu kinachoitwa RF, ambacho wengi wenu mmeshatolewa damu kwa ajili yake na hakuna aliyewaambia kilikuwa kinatafuta nini.

Niseme ninachotetea mapema, asiyetaka aendelee na shughuli zake. Hakuna kipimo cha damu, hapa kwetu wala huko wanakotengeneza mashine zenyewe, kinachoweza peke yake kukuhakikishia kwamba viungo vyako havina ugonjwa. Hakuna. Na bado sisi watu wa afya tunawarudisha watu nyumbani na karatasi iliyoandikwa "hasi" huku viungo vyao vinaliwa.

Nimesema "sisi". Mtaona kwa nini.

Sehemu ya 2

Kuna mama mmoja, fundi cherehani. Nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike. Nilikutana naye miaka mitatu iliyopita nikiwa kituo kingine. Kijana tu, hajafika hata arobaini. Alisema asubuhi vidole vinakuwa kama vimefungwa kamba, mtoto anaenda shule na vifungo vya shati havijafungwa, mpaka saa nne ndo vidole vinalegea. Mikono yote miwili. Miezi mitatu mfululizo. Pete ya ndoa aliitoa kwa sabuni na machozi.

Akaandikiwa RF. Ikarudi hasi. Aliyemkabidhi majibu ni mimi. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Mama, majibu yako safi, huna baridi yabisi, mshukuru Mungu." Akashukuru kweli. Akapewa diklofenaki ya siku tano, akaenda.

Usiku wa kuamkia leo alikuwa kitanda cha tatu dirishani. Ameletwa anatapika damu. Miaka mitatu ya diklofenaki na prednisoloni za kufungiwa kwenye karatasi dukani, anakunywa maumivu yakija, na maumivu yalikuwa yanakuja kila siku. Tumbo limechoka. Nilipompa maji akashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto, maana vidole vimelalia upande wa kidole cha mwisho na havifungi. Akanitazama. Akasema, wala si kwa ukali, "Si wewe nesi uliyeniambia niko mzima?"

Cherehani ameshaiuza.

Sehemu ya 3

Sasa tuongee kuhusu hiyo RF.

Mwili unatengeneza kingamwili, askari wa kupambana na vijidudu. RF ni kingamwili iliyopotoka, inawakamata kingamwili wenzake. Mnorwei mmoja, Erik Waaler, aliielezea mwaka 1940, na mpaka leo ndicho kipimo kinachokimbiliwa mtu akisema viungo vinamuuma. Ni cha bei nafuu, kinafanyika haraka, na kinaleta jibu la neno moja. Hapo ndo mtego ulipo. Neno moja linamaliza mazungumzo.

Chukua watu kumi wenye baridi yabisi ya kweli, ile ya kinga ya mwili kula viungo. Saba au wanane watakuwa na RF kwenye damu. Wawili watatu hawatakuwa nayo, wengine mpaka kufa. Na mwanzoni mwa ugonjwa, wakati ambao ndo tungeweza kuokoa kitu, wanaokosa RF ni wengi zaidi. Kwa hiyo ukimwambia mtu "hasi, huumwi", umecheza kamari na vidole vyake. Mimi nilicheza, akaliwa yeye.

Geuza upande wa pili. Kuna wazima kabisa wenye RF kwenye damu, na wanaongezeka kadiri umri unavyokwenda. Kuna wenye homa ya ini B au C, wenye kifua kikuu, wenye ukoma, wenye maambukizi kwenye vali za moyo, wote hao RF inaweza kuwa chanya bila baridi yabisi yoyote. Kwa nchi yetu hiyo orodha siyo ya kwenye vitabu, ni ya wodini. Kuna bibi aliwahi kuniletea faili, amemeza dawa za "rumatizimu" mwaka mzima kwa sababu ya neno "chanya". Kilichokuwa kinamuuma ni goti moja lililochakaa kwa uzee na kubeba ndoo. Goti moja! Hakuna aliyemuuliza mangapi.

Kuna kipimo kipya zaidi, anti-CCP. Hicho nakiheshimu. Kikiwa chanya, mara nyingi kweli ni ugonjwa wenyewe, na kinaweza kuwa chanya miaka kabla kidole hakijavimba. Lakini nacho karibu theluthi moja ya wagonjwa kinawaruka, na vituo vingi havina.

Sehemu ya 4

"Nesi, mimi ESR yangu na CRP zilikuwa za kawaida." Najua, mmeniandikia mara nyingi.

ESR ni damu kwenye kijibomba kilichosimamishwa saa nzima, tunaangalia chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Ukiwa na uvimbe wa ndani zinashikana na kuzama haraka. Ni hayo tu. Ukiwa mjamzito zinazama haraka. Ukiwa na upungufu wa damu zinazama haraka. Ukiwa na selimundu, hata ukiwa unaungua ndani, hazizami vizuri, kwa sababu chembe zenye umbo la mundu hazipangani. Sasa niambie, kwenye nchi yenye wajawazito, upungufu wa damu na selimundu kiasi hiki, hicho kijibomba unakiaminije peke yake?

CRP ni bora kidogo. Inatengenezwa na ini mwili ukiwashwa moto. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia, wala siyo wa viungo. Malaria inaipandisha, jipu linaipandisha, jino bovu linaweza kuipandisha. Haina habari na kidole chako.

Na kukiwa hakuna moshi? Wanaopikia mkaa wanajua. Jiko likishashika vizuri halitoi moshi, na ndo linapika kweli. Wapo wagonjwa tena si wachache ambao ESR na CRP ziko za kawaida kabisa na viungo vinaendelea kuliwa.

Sehemu ya 5

Hapa ndo nataka mniangalie usoni, hasa wenzangu wa afya.

Mwaka 2010 vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vilikaa pamoja vikatoa mfumo wa alama wa kumtambua mgonjwa wa baridi yabisi mapema. Alama kumi. Ukifika sita, na angalau kiungo kimoja kimevimba kweli, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe huo vizuri zaidi, unahesabiwa unao.

Zimegawanywaje? Idadi na aina ya viungo, mpaka alama tano. RF na anti-CCP, mpaka tatu. ESR au CRP, moja. Muda wa wiki sita au zaidi, moja.

Piga hesabu. Damu yako yote ikiwa mbaya kuliko wote, RF iko juu, CRP iko juu, umepata nne. Haufiki. Lakini mtu mwenye viungo zaidi ya kumi, vidogo vikiwemo, kwa wiki sita au zaidi, ana tano na moja. Sita. Amefika, na damu haijampa hata alama moja!

Wiki sita zina sababu yake. Virusi vingi huvimbisha viungo kisha vinaondoka vyenyewe. Chikungunya tunaijua sisi kuliko wengine wote, maana ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu aliyekunjika kwa maumivu. Hiyo nayo inaweza kung'ang'ania miezi. Ndiyo maana lazima mtu aulizwe: homa ilikuwepo? Ilianza lini? Jirani naye anaumwa? Hakuna mashine inayouliza hivyo.

Sasa rudi kwa mama wa cherehani. Vifundo vya shina la vidole, vile unavyobishia hodi, vinne kila mkono. Vifundo vya mikono viwili. Vya katikati ya vidole vitatu. Kumi na tatu. Miezi mitatu, bila homa. Nilikuwa nimemshika mkono wakati namtoa damu. Nilikuwa nimeushika kabisa huo mkono, natafuta mshipa.

Sehemu ya 6

Nipite haraka kwenye gauti, wengine mnaita jongo, kwa sababu nayo ina karatasi yake. Yuriki asidi ikiwa juu haimaanishi una gauti. Wengi wenye yuriki asidi ya juu hawatawahi kuumwa gauti maishani. Na wakati gauti imepamba moto, dole gumba la mguu limekuwa jekundu hata shuka halivumilii, kipimo kinaweza kusoma kawaida kabisa, ikabidi kurudiwa wiki mbili baada ya maumivu kutulia. Jibu la uhakika linatoka kwenye maji ya kiungo chenyewe, yavutwe kwa sindano, yaangaliwe kwa darubini kama yana fuwele. Mmeacha maharage na nyama bure, baadhi yenu, kwa ajili ya namba.

Na wale wa hema stendi, wanaokushikisha chuma cha mashine dakika moja halafu kompyuta inakwambia "viungo vimechoka asilimia fulani, gegedu imepungua", kisha wana kopo la dawa la kukuuzia hapo hapo: hao sina cha kubishana nao. Chuma hakisomi gegedu. Tembea.

Sehemu ya 7

Kuna kaka mmoja, msomaji makini, kila nikigusa mada hii ananiletea habari za vipimo vipya. "Sista, sasa hivi wanapima kuharibika kwa kiungo moja kwa moja kwenye damu." Sio uongo, ila tuelewane ni nini.

Gegedu ikiliwa, vipande vyake vidogo sana vinaingia kwenye damu na mkojo. Kuna protini inaitwa COMP, kuna mabaki ya kolajeni yanayoitwa CTX-II, kuna kimeng'enya MMP-3 kinachosaidia kuimeng'enya gegedu yenyewe. Watafiti wanavipima, na Japani MMP-3 wanaitumia hata kliniki kufuatilia wagonjwa. Ni kazi nzuri, naitakia heri. Lakini makombo ukiyakuta sakafuni unajua tu kuna mtu amekula mkate. Hujui ni nani. Goti la mzee, uti wa mgongo wa kuli, kidole cha fundi cherehani, vyote vinamwaga makombo kwenye damu ile ile moja. Ndiyo maana vipimo hivi vinasaidia kulinganisha makundi ya watu kwenye utafiti kuliko kumwambia mtu mmoja aliyekaa mbele yako kama kidole chake kimeharibika. Kidole unakijua kwa kukishika, kwa eksirei, kwa altrasaundi kama ipo. Na eksirei nayo mwanzoni inaweza kuwa safi. Ikishaonyesha mfupa umeliwa, hapo umechelewa, kilicholiwa hakirudi.

Ndo maana nakereka na hii kiu ya kipimo kipya. Tunasubiri mashine ituambie kitu ambacho mama wa cherehani alishatuambia kwa Kiswahili fasaha: asubuhi, mikono yote miwili, mpaka saa nne.

Sehemu ya 8

Najua majibu mtakayonipa.

"Nesi unapinga vipimo." Sipingi. Napinga kuvipa kazi isiyo yao. Mtu akishaonekana mikononi ana ugonjwa, RF na anti-CCP za juu zinatuambia ana hatari zaidi ya kuharibika haraka, basi atibiwe bila kuzubaa. CRP inatusaidia kuona dawa inafanya kazi. Na kabla ya kuanza methotreksati lazima damu ipimwe, ini, figo, homa ya ini, wingi wa chembe, na iendelee kupimwa. Hizo ndizo hela za maabara nisizozionea uchungu hata kidogo. Methotreksati ni dawa ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo ya kwanza kwa wengi. Inanywewa MARA MOJA KWA WIKI, siyo kila siku. Kila siku inaua. Mjamzito au anayetafuta mimba haruhusiwi. Usinunue dukani kwa sababu umesoma kwangu.

"Foleni ni ndefu, daktari hana muda wa kushika kila kidole." Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu ni kweli. Nimefanya kazi kwenye hizo foleni. Lakini kuviminya vifundo vinne vya mkono kwa pamoja, taratibu, kama unamsalimia mtu, ni sekunde chache. Kumuuliza "asubuhi mikono inachukua muda gani kulegea" ni sekunde nyingine. Akiruka kwa maumivu, na akasema zaidi ya nusu saa, andika kwenye faili kwa herufi kubwa. Hii kazi haihitaji digrii. Mimi nina diploma. Ningeweza kuifanya wakati ule napima presha, ningempelekea daktari mgonjwa mwenye maelezo, siyo mwenye karatasi.

"Hata akitambuliwa, madaktari wa viungo wako wapi?" Ni wachache mno, nakubali, na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Lakini hakuna anayepewa rufaa kwa ugonjwa ambao tumeshamwambia hana. Karatasi ya "hasi" inafunga mlango kabla hata ya kuulizia nauli.

Na msinipe ile ya "ni baridi tu, avae soksi". Jina baridi yabisi limetuponza. Huu ugonjwa unawapata wa Dodoma na wa Tanga, wenye feni na wenye blanketi. Hauletwi na kufua alfajiri.

Sehemu ya 9

Wewe unayesoma na unajijua. Ukienda kituoni usianze na "nataka kupima rumatizimu". Anza na mikono. Weka yote miwili mezani, mbele ya macho ya daktari, acha ikae hapo. Sema vinavimba vipi, vya kulia tu au pande zote. Sema asubuhi inachukua dakika ngapi au saa ngapi. Sema tangu lini, kwa wiki, siyo "muda kidogo". Taja dawa zote unazonunua, hata zile unazoona aibu, hata ile ya mitishamba iliyokufanya unenepe mashavu na maumivu yakaisha siku mbili. Hizo nyingine zimechanganywa prednisoloni. Piga picha mikono siku imevimba, maana siku ya kliniki huwa inajifanya mizuri. Ukipewa "hasi" na bado vidole vimevimba baada ya wiki sita, rudi. Ukiambiwa tena uko mzima, uliza kwa heshima tu: "Dokta, hivi vidole vilivyovimba, tunaviitaje?" Hilo swali sijawahi kuona linajibiwa kwa karatasi.

Mama wa kitanda cha tatu, kwa wanaotaka kujua, damu imesimama. Daktari wa asubuhi ameshika mikono yake yote miwili, kifundo kimoja kimoja, nimesimama pale naangalia. Tumbo likipona ataanzishiwa dawa na rufaa imeandikwa. Vidole vilivyolala havitasimama. Kuna vitatu bado viko sawa, ndo tunavipigania hivyo.

Nilimwomba msamaha saa kumi na moja alfajiri, wakati nabadilisha dripu. Akaniuliza kama najua mtu anayenunua mikasi ya fundi, anayo mizuri, haijatumika sana.

Nalala sasa. Maswali wekeni chini, nikiamka nitajibu yale ninayoweza. Sitibu mtu kwa simu, mnanijua. Na tafadhali, msinitumie picha za majibu ya maabara. Mkitaka kunitumia picha, nitumieni za mikono.